Hiram Bingham: Profesa wa Historia kati ya Andes na Seneti

Februari 1909 mvua zilikuwa zimekolea kwenye milima ya Peru, majira ambayo mwenyeji asiye na lazima hasafiri. Mmarekani mmoja, kijana mrefu mwembamba wa miaka 33, alifika katika mji wa Abancay akiwa juu ya baghala. Mkuu wa jimbo la Apurímac, J. J. Núñez, alimpokea kwa heshima kubwa kuliko alivyotarajia. Núñez alikuwa na haja naye. Juu ya bonde la mto Apurímac, mahali pa majabali na kina kirefu, kulikuwa na magofu ya Wainka yaitwayo Choquequirao, na watu waliamini kwamba huko ndiko wafalme wa mwisho walikoficha dhahabu yao. Fedha zilikuwa zimeshachangwa, njia imefyekwa, daraja la nyaya limetandazwa juu ya mto. Alikosekana mtaalamu wa kuyatazama magofu na kusema ni kitu gani. Mgeni huyu aliitwa Daktari Hiram Bingham, na kwa Núñez jina la udaktari lilitosha.

Bingham alijaribu kueleza kwamba udaktari wake ni wa historia, tena historia ya karne za karibuni, na kwamba elimu ya mambo ya kale hakuwahi kuisomea. Hakusikilizwa. Alivuka daraja lililokuwa likiyumba juu ya maji yaliyofura, akapanda mlima, na alipofika kwenye kuta akafungua kijitabu cha mwongozo wa wasafiri kilichochapishwa na Royal Geographical Society ya London, chama kilekile kilichowatuma Burton na Speke kwenye maziwa yetu makuu. Kijitabu kilimwambia apime, apige picha, aandike kila kitu. Akapima, akapiga picha, akaandika. Dhahabu haikupatikana. Kwenye kuta aliona majina ya wageni waliomtangulia, mengine ya miaka ya 1830. Lakini tangu siku zile mwalimu huyu, aliyekuja Amerika ya Kusini kutafiti vita vya Simón Bolívar, hakuweza tena kuyatoa mawe ya Wainka kichwani mwake.

Alizaliwa Honolulu tarehe 19 Novemba 1875, katika ukoo wa wamisionari. Babu yake, Hiram Bingham wa kwanza, alifika visiwa vya Hawaii mwaka 1820 pamoja na kundi la kwanza la wahubiri wa Kiprotestanti kutoka Marekani. Baba yake, Hiram wa pili, alihubiri katika visiwa vya Gilbert, akaiwekea lugha ya huko maandishi na kuitafsiri Biblia nzima. Nyumba ilikuwa ya sala nyingi na fedha chache, na kijana alitarajiwa kuishika kazi ya ukoo. Akiwa na miaka 12 hivi alichukua akiba yake, akanunua tiketi ya meli ya kwenda San Francisco, na safari ikakwama kwa sababu tu meli ilichelewa kung’oa nanga. Alihitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1898, akarudi Hawaii, akajaribu kidogo kazi ya dini, akaiacha. Mwaka 1900 alimwoa Alfreda Mitchell, mjukuu wa Charles Tiffany, sonara maarufu wa New York. Mali ya wakwe ilimpa nafasi ambayo wahadhiri wenzake hawakuwa nayo, na ni haki kusema wazi kwamba bila Alfreda, aliyebaki nyumbani akilea watoto wao saba wa kiume, safari nyingi tutakazozitaja hapa zisingefanyika.

Udaktari wake aliupata Harvard mwaka 1905. Alifundisha kwa muda mfupi Princeton, wakati rais wa chuo hicho alikuwa Woodrow Wilson, yule aliyekuja baadaye kuwa Rais wa Marekani. Kazi ya darasani haikumtosheleza. Alikuwa anataka kuandika habari za Bolívar, na alishawishika kwamba hawezi kuvielewa vita vya mwaka 1819 bila kupita kwa miguu na kwa baghala kule walikopita askari wa ukombozi. Basi mwishoni mwa 1906 alianza safari kutoka Caracas kwenda Bogotá, akakata nyika za mafuriko za Venezuela na kupanda milima ya Kolombia, akakagua medani za Carabobo na Boyacá. Kitabu cha safari hiyo kilitoka mwaka 1909. Mwaka 1907 Yale ilimchukua afundishe historia ya Amerika ya Kusini, somo ambalo vyuo vingi vya Marekani wakati huo vilikuwa havijalipa nafasi.

Mwaka 1908 serikali yake ilimteua kuwa mjumbe kwenye mkutano wa kwanza wa kisayansi wa nchi za Amerika, uliofanyika Santiago, Chile. Aligeuza uteuzi huo kuwa safari ndefu, akifuata njia ya zamani ya biashara kutoka Buenos Aires kupitia Potosí, mji wa migodi ya fedha, hadi Lima. Humo ndimo alimokutana na Núñez. Lakini ukisoma maandishi yake ya kipindi hiki utaona kwamba hakuwa akihesabu magofu tu. Alikuwa akisikiliza watu: wafanyabiashara bandarini, wanasheria, maofisa, wahariri wa magazeti. Aliwasikia wakisema jinsi Marekani inavyowatazama kama watoto. Masikio yale yalikuwa mazima wakati huo, na tutaona yalichokizaa.

Aliporudi Peru mwaka 1911 alikuja na msafara wenye jina la chuo chake na watu saba, wakiwamo mtaalamu wa jiografia Isaiah Bowman, mtaalamu wa viumbe Harry Foote na daktari wa upasuaji William Erving. Swali lake lilikuwa la mwanahistoria. Mhispania Francisco Pizarro alipoiteka Cusco, mji mkuu wa Wainka, mfalme Manco Inca aliasi mwaka 1536, kisha akajificha kwenye milima ya Vilcabamba. Huko yeye na wanawe walishikilia dola ndogo iliyodumu hadi 1572, mwaka ambao Túpac Amaru alikamatwa na kukatwa kichwa katika uwanja wa Cusco. Miji ya mafichoni ilikuwa wapi? Mwanahistoria wa Lima, Carlos Romero, alimwonyesha kwamba Choquequirao haifanani na maelezo ya zamani, akamwelekeza kwenye kitabu cha mtawa Antonio de la Calancha cha karne ya 17. Calancha alitaja mji wa Vitcos na karibu yake jiwe kubwa jeupe juu ya chemchemi ya maji, mahali walipoabudia Wainka. Mwenye kulipata jiwe amepata mji.

Kule Cusco, mkuu wa chuo kikuu Albert Giesecke alimpa habari nyingine. Mwezi Januari mwaka uleule Giesecke alikuwa amepita bonde la mto Urubamba, na mkulima mmoja, Melchor Arteaga, akamwambia kuna magofu mazuri juu ya mlima. Zamani msafiri hakuweza kupita bonde lile kwa urahisi, lakini serikali ilikuwa imepasua njia ya baghala kando ya mto ili mazao ya mabondeni yafike sokoni. Njia ile ya biashara ndiyo iliyomfikisha Bingham pale.

Tarehe 23 Julai 1911 walipiga kambi Mandor Pampa, karibu na kibanda cha Arteaga. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu ya baridi. Foote alisema anabaki kukamata vipepeo, Erving akasema ana nguo za kufua. Arteaga mwenyewe hakuwa na hamu ya kupanda katika utelezi, mpaka alipoahidiwa sol moja ya fedha, ujira wa siku tatu au nne kwa mahali pale. Wakaondoka watatu: Arteaga, Bingham na Sajenti Carrasco, askari aliyepewa na serikali kuwa mlinzi na mkalimani wa Kikechua. Waliuvuka mto juu ya magogo yaliyofungwa kwa mimea itambaayo ya porini. Wenzake walipita wakiwa pekupeku, yeye akatambaa kwa magoti na mikono. Kisha wakapanda mteremko mkali kwa muda wa saa moja na zaidi, mahali pengine wakishika majani kwa vidole.

Karibu na saa sita mchana walifika kwenye kibanda cha nyasi. Familia za Richarte na Álvarez zilikuwa zikiishi hapo kwa miaka kama minne, zikilima mahindi na viazi kwenye matuta ya Wainka yaliyokuwa bado mazima, mbali na watoza kodi na wasajili wa jeshi. Waliwapa wageni maji baridi katika vibuyu na viazi vitamu vya kuchemsha. Arteaga alibaki hapo akiongea na wenyeji. Mtoto wa kiume ndiye aliyempeleka profesa mbele, akapita naye kwenye matuta, akamwingiza msituni, na hapo, chini ya miti na kuvu na mianzi, zikaonekana kuta za matale meupe yaliyochongwa na kupangwa bila chokaa, mawe yakikaliana barabara. Hekalu lenye madirisha matatu makubwa lilikuwa mbele yake. Mahali hapo ndipo Machu Picchu.

Ukutani palikuwa na maandishi ya mkaa: Lizárraga, 1902. Agustín Lizárraga alikuwa mkulima wa bonde lile. Katika daftari lake la safari Bingham aliandika, siku moja baada ya kupanda, kwamba huyo ndiye mgunduzi wa Machu Picchu na kwamba anaishi karibu na daraja la San Miguel. Mwaka uliofuata Lizárraga alikufa maji katika mto Urubamba. Na kadiri Bingham alivyoendelea kuandika, kitabu baada ya kitabu, jina la Lizárraga lilizidi kufifia, la mtoto halikupewa nafasi, na simulizi la siku ile likazidi kuwa la mtu mmoja. Hili ni kosa la kalamu, na kwa mwanahistoria ni kosa zito, kwa sababu ukweli alikuwa nao mkononi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Jambo wengi hawalijui ni kwamba alasiri ileile alishuka. Alikuwa anatafuta Vitcos, na Machu Picchu haikulingana na maelezo ya Calancha, kwa hiyo akaendelea na safari na baadaye akawatuma wengine kufyeka na kuchora ramani. Mwezi Agosti, akiongozwa na wenyeji wa bonde la Vilcabamba, alikuta kwenye kilima magofu ya jumba refu lenye milango ya matale meupe, na si mbali na hapo jiwe kubwa jeupe lililochongwa, chini yake chemchemi. Kama mwanahistoria, hapa ndipo alipofanya kazi yake bora kuliko zote. Alichukua maneno ya mtawa aliyeandika karne tatu kabla, akatembea nayo milimani, na maneno yakakutana na mawe. Vitcos ilikuwa imepatikana.

Hakuishia hapo. Aliteremka hadi kwenye msitu wa joto wa Espíritu Pampa, na wenyeji wa msituni wakamwonyesha kuta chache zilizofunikwa na mizizi, pamoja na vigae vya paa vya mtindo wa Kihispania. Chakula kilikuwa kinakwisha na msitu ulikuwa mnene. Aliangalia kidogo, akarudi. Baadaye aliamua kwamba Machu Picchu, kwa uzuri wake, ndiyo Vilcabamba, mji mkuu wa mwisho, akashikilia hivyo hadi kufa. Watafiti waliomfuata, kuanzia Gene Savoy aliyefika Espíritu Pampa mwaka 1964, wameonyesha kwamba mji wa mwisho ulikuwa kule msituni, ndani ya magofu aliyoyapita haraka. Vigae vile ndivyo vilivyokuwa ushahidi, maana Wainka wa mafichoni walikuwa wamejifunza kuvitengeneza kwa Wahispania. Machu Picchu, kwa maarifa ya leo, ilikuwa makazi ya mapumziko ya mfalme Pachacuti, iliyojengwa katika karne ya 15. Bingham alikuwa na ushahidi wa maandishi na wa vitu, akauacha akafuata uzuri.

Oktoba mwaka huohuo alipanda mlima Coropuna akitumaini kwamba ndio mrefu kuliko yote Amerika ya Kusini. Vipimo vilikataa, Aconcagua inaushinda kwa mamia ya mita. Tena miezi michache kabla yake, Annie Peck, mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 60, alikuwa amekipanda kilele kimoja cha mlima huohuo na kusimika bendera ya kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Msafara wa 1912 ulikuja na fedha za Yale na za National Geographic Society, ukachimba makaburi na kusafirisha masanduku ya vyungu, mifupa na vyombo vya shaba. Serikali ya Peru ilitoa kibali mwezi Oktoba kwa sharti kwamba inaweza kudai vitu hivyo virudishwe. Kazi ya kubeba na kufyeka ilifanywa na Wakechua, na hapa hatuna haja ya kumsingizia mtu, kwa sababu Bingham anasimulia mwenyewe: ofisa wa kijiji alimsalimia mkulima kwa mkono na kumwachia sarafu ya fedha kiganjani, na kwa kuwa ameshika fedha, mkulima analazimika kufanya kazi, apende asipende, mazao yake shambani yakimngoja. Bingham aliona, akaona huruma, akaendelea kuwatumia. Aliporudi kwa msafara wa 1914 na 1915, watu wa Cusco walimshtaki hadharani kwamba anatorosha dhahabu. Dhahabu hakuwa nayo, lakini hasira ile ilikuwa na msingi: mgeni alikuwa anachimba na kuhamisha historia yao. Mwaka 1915 aliondoka Peru, na ilipita zaidi ya miaka 30 kabla hajarudi.

Sasa tuje kwenye maandishi ambayo mimi nayathamini kuliko picha zake zote. Mwezi Aprili 1913 toleo zima la jarida la National Geographic lilikuwa lake, na dunia ikaiona Machu Picchu. Miezi miwili baadaye, katika jarida la Atlantic Monthly, alichapisha insha ya siasa, na mwaka huohuo ikapanuliwa kuwa kitabu. Hoja yake ilikuwa kwamba Kanuni ya Monroe imekwisha kazi na sasa imebaki neno la kurudiwarudiwa tu.

Msomaji akumbuke kwamba Rais James Monroe alitangaza mwaka 1823 kuwa mataifa ya Ulaya yasijaribu tena kutawala katika Amerika. Wakati ule jamhuri za kusini zilikuwa changa na tangazo lilizifaa. Lakini mwaka 1895 waziri Richard Olney aliwaandikia Waingereza, katika mgogoro wa mpaka wa Venezuela, kwamba neno la Marekani ndilo sheria katika bara lile. Mwaka 1903 Panama ilimegwa kutoka Kolombia ili mfereji uchimbwe. Mwaka 1904 Theodore Roosevelt alitangaza kwamba Marekani ina haki ya kuingilia kati nchi jirani inaposhindwa kujiendesha. Mwaka 1912 wanajeshi wa majini walishuka Nicaragua. Kila mara kanuni ilikuwa ileile, na kila mara maana yake ilikuwa imebadilika, kutoka ulinzi hadi usimamizi.

Bingham aliandika kama mtu aliyelala katika nyumba za watu wa kusini na kula vyakula vyao. Alisema Wamarekani wanadanganywa na ramani: baadhi ya miji mikubwa ya Amerika ya Kusini iko karibu na Ulaya kuliko ilivyo karibu na New York, na kwa biashara, masomo na mitindo watu wake wanaitazama Paris. Alisema ni ujinga kuzihesabu jamhuri zote kuwa kitu kimoja, kwani Argentina, Brazil na Chile zilikuwa dola zenye majeshi, reli na heshima, wala hazikuomba mlinzi. Alisema kaka mkubwa asiyeombwa huchukiwa. Na akapendekeza jambo la kufanyika: badala ya Marekani kuamua peke yake, iwaite Argentina, Brazil na Chile wakae meza moja kila unapozuka mgogoro katika bara. Mwaka 1914 Marekani ilipoteka bandari ya Veracruz, Meksiko, nchi hizo tatu ndizo zilizosuluhisha, katika mkutano wa Niagara Falls. Sijui wachambuzi wangapi wa siasa hubahatika kuona pendekezo lao likitekelezwa ndani ya mwaka mmoja.

Na hapo ndipo ninapoumia ninapoisoma habari yake. Vita ya Ulaya ilipoanza, Bingham aligeuka. Hofu ya Ujerumani ilimfanya aone kwamba kanuni aliyoitangaza kuwa imekufa inahitajika tena, na alisema hivyo hadharani. Kubadili mawazo si aibu kwa msomi. Lakini sababu zake zote za 1913 zilikuwa zimetoka kwa watu wa kusini, na sababu za kugeuka zilitoka Washington na Ulaya. Hakurudi kuwauliza wale waliomfundisha.

Mwaka 1917 alijifunza kurusha ndege, akasaidia kuanzisha shule za marubani katika vyuo vikuu, kisha akaongoza kituo kikubwa cha mafunzo ya urubani huko Issoudun, Ufaransa. Akaandika kitabu juu ya hayo mwaka 1920. Alirudi mtu wa jeshi na wa Chama cha Republican, na baada ya miaka michache akaiacha kazi ya ualimu Yale. Mwaka 1922 alichaguliwa naibu gavana wa Connecticut, na Novemba 1924 gavana. Kabla hajaapishwa, seneta wa jimbo, Frank Brandegee, alikuwa amefariki, na Bingham akagombea kiti hicho na kushinda mwezi Desemba. Kwa hiyo aliapishwa ugavana tarehe 7 Januari 1925, akajiuzulu kesho yake, akaenda Seneti. Huko alifanya jambo la maana: alikuwa mstari wa mbele kupitisha sheria ya usafiri wa anga ya 1926, iliyoweka leseni za marubani na ukaguzi wa ndege Marekani.

Kisha ukaja mwaka 1929. Bunge lilikuwa likijadili sheria mpya ya ushuru wa forodha, na wenye viwanda wa Connecticut walitaka bidhaa zao zilindwe. Bingham alimchukua Charles Eyanson, mfanyakazi wa chama chao, akamwandikisha kuwa karani wa kamati ya Seneti ili aweze kuingia kwenye vikao vya siri ambamo ushuru ulikuwa ukipangwa. Wakati huohuo Eyanson aliendelea kulipwa na chama hicho dola 10,000 kwa mwaka. Jambo lilipofichuka, Bingham hakuomba radhi, aliwashambulia waliomchunguza. Seneta George Norris alileta azimio, na tarehe 4 Novemba 1929 Seneti ilimkaripia rasmi kwa kura 54 dhidi ya 22. Adhabu hiyo Seneti imeitoa mara chache sana katika historia yake. Mwaka 1932 wapiga kura walimwondoa.

Alfreda na yeye waliachana mwaka 1937, akaoa tena. Wanawe walikwenda njia zao. Mmoja, Alfred, alihariri jarida la mrengo wa kushoto, na uzeeni akaandika maisha ya baba yake kwa uaminifu mkubwa. Mwingine, Hiram wa nne, alikuwa makamu wa konseli wa Marekani huko Marseille mwaka 1940 na 1941, akawapa viza wakimbizi Wayahudi, miongoni mwao mchoraji Marc Chagall, wakati wakuu wake hawakutaka. Kazi yake serikalini iliharibika kwa sababu hiyo. Nadhani katika ukoo ule huyu ndiye aliyemzidi kila mtu.

Mwaka 1948 baba alialikwa Peru kufungua barabara ya kupanda Machu Picchu iliyopewa jina lake, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake maarufu juu ya mji uliopotea wa Wainka. Ni kitabu kitamu kusoma, kilichoandikwa na mzee anayepanga upya kumbukumbu zake.

Kazi yake ya mwisho ya umma ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1951 Rais Truman alimweka mwenyekiti wa bodi ya kupitia uaminifu wa watumishi wa serikali, katika siku ambazo Seneta Joseph McCarthy alikuwa akiona wakomunisti kila ofisi. Bodi hiyo iliwatilia shaka wanadiplomasia wawili, John Service na John Carter Vincent, watu waliokaa miaka mingi China, wakatembea mikoani, wakasikiliza, wakaripoti kwamba serikali ya Chiang Kai-shek imeoza na kwamba wakomunisti wana nguvu. Waliripoti walichokiona, na historia imewathibitisha. Service alifukuzwa kazi mwaka 1951, na Vincent akalazimika kustaafu mwaka 1953. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba Service alifukuzwa kinyume cha taratibu. Bingham hakuwepo kuisikia hukumu hiyo. Alifariki Washington tarehe 6 Juni 1956, akazikwa katika makaburi ya Arlington.

Mwaka 1913 naye alikuwa mtu wa aina ya Service: msafiri aliyeiambia nchi yake neno isilopenda kulisikia, kwa sababu alilisikia kwa watu wenyewe. Mwaka 1951 alikaa upande wa pili wa meza. Wanaomwandika kama shujaa wa porini huishia kwenye mlima na kuiacha meza hii, na wanaomwandika kama mwizi wa makaburi huiacha insha. Mimi naona maisha yake hayaeleweki bila vyote viwili.

Vitu alivyovihamisha vilikaa Yale karibu miaka mia. Peru ilifungua kesi mwaka 2008, makubaliano yakafikiwa mwaka 2010, na kati ya Machi 2011 na Novemba 2012 masanduku yalirudi Cusco. Sasa yanatunzwa Casa Concha, jumba lililo chini ya chuo kikuu cha mji huo, chuo kilekile ambacho mkuu wake alimpa Bingham habari za Arteaga. Mifupa nayo ilichunguzwa upya. Mtaalamu wa msafara, George Eaton, alikuwa amesema karibu yote ni ya wanawake, na hadithi ya mabikira wa jua ikaenea duniani. Uchunguzi wa baadaye wa John Verano umeonyesha wanaume na wanawake kwa idadi inayokaribiana, watumishi wa kawaida waliotoka sehemu mbalimbali za dola.

Kwa wanaofundisha historia, na kwa vijana wanaotaka kuandika siasa, nina ombi moja. Kitabu cha Bingham cha 1948 kipo kila mahali na kitasomwa tu. Mtafuteni Bingham wa 1913, insha ya Kanuni ya Monroe, muisome pamoja na daftari la Julai 1911 lenye jina la Agustín Lizárraga. Hayo ndiyo maandishi yake ya kweli kuliko yote.